Mjuzi wa Ziwa Asifanywe Mtumwa wa Mashine

Katika usiku wa giza, mwezi usipokuwapo angani, wavuvi wa dagaa wa mwambao huu wa kusini wa Ziwa Nyanza, kuanzia Luchelele na Nyegezi mpaka visiwa vya Ukerewe na Ukara, huwasha taa zao na kwenda kuitafuta riziki katika saa zile zile ambazo ziwa, kwa tabia yake ya asili, hupenda kuchafuka. Sababu yake wajuzi wa hali ya hewa wameibainisha: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda bara na kuzaa mvua huko, usiku mambo hugeuka, nchi kavu ikapoa ilhali maji yangali na uvuguvugu wake, pepo zikatoka pande zote za mwambao zikakutana katikati ya ziwa, na zinapokutana hewa hupaa, mawingu yakajikusanya, na radi na dhoruba zikawashukia watu wasiokuwa na paa wala kimbilio. Mwaka 2016 wanasayansi walioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya hesabu ndefu zilizofanywa kwa kompyuta, yakionyesha kwamba dhoruba kali ya namna ambayo leo hutokea ziwani mara moja katika miaka 15 yamkini itakuwa ikitokea karibu kila mwaka ifikapo mwisho wa karne hii, endapo dunia itaendelea kuchoma makaa na mafuta kwa kiasi kikubwa.

Nimetanguliza habari ya dhoruba kwa makusudi, kwa maana jambo ninalotaka kulijadili, yaani namna ya kuandika programu za kompyuta zinazotenda kazi nyingi kwa wakati mmoja, huonekana kwa watu wengi kuwa ni shughuli ya mafundi wa miji ya mbali, isiyomhusu mvuvi wala mwalimu wa hapa Butimba, Mwanza. Walakini utabiri wa ziwa, na hesabu ya samaki waliomo, na uchunguzi wa maji yanayovutwa na chanzo kipya cha Butimba kilichojengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku, vyote hivyo katika zama zetu vyaweza kunufaika na programu za namna hiyo. Rai yangu ni kwamba sanaa hii ya programu sambamba ina njia mbili, moja ya chini iliyojaa miiba na moja ya juu iliyo sahali zaidi kwa mtu mwenye elimu ya jambo lake. Na kwamba vyuo vyetu, vikiwa na walimu wachache na muda mchache, vina wajibu wa kuifundisha ile ya juu kwanza, wala si kuiacha iwe anasa ya mwaka wa mwisho.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Mwingereza Lewis Fry Richardson, muumini wa madhehebu ya Marafiki ambaye dini yake ilimkataza kubeba silaha, alihudumu katika Vita Kuu ya Kwanza huko Ufaransa akiendesha gari la kubebea majeruhi, na katika nafasi alizozipata akapiga kwa mkono hesabu za kutabiri hali ya hewa ya siku iliyokwisha kupita zamani, tarehe 20 Mei 1910. Jibu alilolipata lilikuwa na kosa kubwa, kwani lilidai kwamba kanieneo ya hewa ingebadilika kwa milibari 145 katika muda wa saa 6, jambo lisilowezekana. Lakini alipokitoa kitabu chake mwaka 1922 hakulificha kosa hilo, bali aliliweka wazi mbele ya wasomaji, kisha akaeleza ndoto yake ya ukumbi mkubwa wa mviringo wenye wakokotozi 64,000, kila kundi limekabidhiwa sehemu yake ya dunia, kila mmoja akiwaonyesha jirani zake matokeo aliyoyapata, na katikati yao, juu ya mnara, ameketi msimamizi anayewamulikia kwa mwanga wa waridi wale waliotangulia mno na kwa mwanga wa buluu wale waliochelewa. Ndani ya ndoto hiyo imo elimu yote ya programu sambamba: kugawa kazi, kupeana habari na jirani, na kwenda kwa mwendo mmoja. Na lililo kubwa kuliko yote ni lile asilolifanya msimamizi: hamwambii mkokotozi yeyote ashike kalamu lini na aiweke lini.

Tuitazame sasa hesabu ya ziwa letu. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 68,800. Tukiligawa katika miraba yenye upande wa kilomita 4, tunapata miraba 4,300; na kwa kuwa hewa haina tabaka moja, tuseme tumeweka matabaka 70 kutoka usoni mwa maji mpaka juu angani, mahali pa kukokotoa panakuwa 301,000, na kila mahali panataka joto, unyevu, kanieneo na mwendo wa upepo vihesabiwe upya tena na tena, kwa hatua fupi fupi za wakati, mpaka saa zote za utabiri zimalizike. Hilo ni ziwa peke yake, bila ya milima ya Rwanda wala nyanda za Serengeti, ambazo nazo zina athari zake katika hewa ya huku. Ukitaka kuliona wingu moja moja, ukaupunguza upande wa mraba kutoka kilomita 4 mpaka 1, miraba huongezeka mara 16, na hatua za wakati nazo hulazimika kufupishwa mara 4, hata kazi yote ikawa mara 64 ya ile ya kwanza. Kiini kimoja cha kompyuta, yaani sehemu yake moja ya kukokotolea, hakiwezi asilani kuimaliza kazi hiyo kabla dhoruba yenyewe haijafika.

Kati ya mwaka 2017 na 2020 mradi ulioitwa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza, ulizikutanisha idara za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ukaitumia rada yetu iliyoko Mwanza pamoja na modeli ya kompyuta ya Uingereza ya kutabiri hewa, yenye miraba ya kilomita 4.4, na tathmini yake ilikadiria kwamba vifo vya ziwani vitokanavyo na hali ya hewa vilipungua kwa karibu asilimia 30. Ni kheri kubwa, na shukrani ni wajibu wetu. Lakini modeli hiyo imeandikwa Uingereza na huendeshwa Uingereza. Na mtu wa hapa mwenye swali lake mahsusi juu ya Ghuba ya Mwanza, swali ambalo halikuwamo katika mpango wa wenye modeli, hana budi kungoja mpaka mwenye kalamu apate nafasi. Hali hiyo sitaki iendelee.

Watu wa kawaida nao wamekwisha kuingia katika zama hizi bila ya kujua. Kwa miaka mingi kompyuta zilizidi kwenda kasi kila mwaka, na mwandishi wa programu aliyeandika kivivu aliokolewa na mashine mpya ya mwaka uliofuata. Lakini moto unaozalishwa na mwendo huo ulifika mahali ambapo haukuweza kupozwa tena, na mwezi wa Mei 2004 kampuni ya Intel ikaliacha toleo lake la prosesa lililoitwa Tejas, ikageukia kuweka viini viwili, kisha vinne, kisha vingi zaidi, katika kipande kimoja. Leo simu za bei ya kadiri zinazouzwa Makoroboi aghalabu zina viini vinane. Programu iliyoandikwa kwa desturi ya zamani, hatua baada ya hatua, hukitumia kimoja na kuviacha saba vimekaa bure. Na hivyo mnunuzi amelipia nguvu ambayo mwandishi wa programu hakujua kuitumia.

Njia ya chini ya kuvitumia viini hivyo ni ile ya nyuzi, yaani mifuatano ya maagizo inayokwenda kwa pamoja. Programu hugawanywa katika nyuzi kadhaa, zote zikisoma na kuandika katika kumbukumbu ile ile, na mwandishi akaachiwa yeye mwenyewe kuhakikisha kwamba hazikanyagani. Mfano wake ni huu: akaunti ina shilingi 50,000, na kwa dakika ile ile watu wawili wanaweka fedha ndani yake, mmoja 10,000 na mwingine 20,000. Uzi wa kwanza unasoma 50,000, na uzi wa pili, kabla wa kwanza haujaandika, nao unasoma 50,000. Wa kwanza unaandika 60,000, wa pili unaandika 70,000 juu yake, na shilingi 10,000 za mtu zimepotea bila ya mwizi. Dawa ya jambo hili ni kufuli, yaani kuamuru kwamba uzi mmoja tu ndio uiguse akaunti kwa wakati mmoja, na Mholanzi Edsger Dijkstra alionyesha mwaka 1965 jinsi amri ya namna hiyo inavyoweza kutimizwa. Lakini kufuli nazo zina balaa yake, kwani uzi ulioshika kufuli ya kwanza huku ukiingoja ya pili, na uzi ulioshika ya pili huku ukiingoja ya kwanza, zitangojana milele na programu yote itakwama.

Ubaya mkubwa wa makosa haya ni kwamba hayaonekani kila siku. Programu hujaribiwa mara elfu ikapita, kisha siku moja nyuzi zikapishana kwa namna ambayo hazijapata kupishana kabla. Mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, kati ya mwaka 1985 na 1987, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada kipimo cha mionzi kilichozidi mno, na wengine wao wakafa. Moja ya sababu zilizogunduliwa ni kwamba mwendeshaji alipokuwa hodari wa kuandika na akasahihisha maagizo yake upesi, sehemu mbili za programu zilizokuwa zikienda pamoja zilipishana, na hakuna aliyeliona kosa hilo kabla. Profesa Edward Lee wa Berkeley aliandika mwaka 2006 kwamba programu moja ya nyuzi iliyotengenezwa na kundi lake, ikakaguliwa na kupimwa kwa uangalifu wa hali ya juu, ilifanya kazi miaka minne ndipo ikakwama, Aprili 2004. Ikiwa mabingwa wa chuo kama kile hawakuweza kuliona kosa hilo kwa miaka minne, ni insafu gani kumtwika mzigo huo kijana wa mwaka wa pili, au mtafiti wa samaki ambaye kompyuta kwake ni chombo tu cha kumfikisha kwenye jibu?

Njia ya juu huanzia mahali pengine. Humwuliza mwandishi aseme mambo mawili: katika kazi hii, ni sehemu zipi zisizongojana, na zikiisha matokeo yake yakusanywe vipi? Kugawa, kupanga zamu, kufunga na kufungua kufuli, kumtafuta aliyechelewa, hayo yote huachiwa lugha ya programu au maktaba, yaani mkusanyo wa programu zilizo tayari, iliyoandikwa na watu wachache waliobobea. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walichapisha makala juu ya utaratibu walioupa jina la MapReduce, ambao ndani yake mwandishi huandika vipande viwili tu, kimoja cha kuitenda kazi kwa kila sehemu ya takwimu peke yake na kingine cha kuyaunganisha matokeo, na utaratibu wenyewe hujua jinsi ya kuvieneza vipande hivyo katika maelfu ya kompyuta; na kompyuta moja ikifa katikati ya kazi, fungu lake hupewa nyingine bila ya mwandishi kuandika hata mstari mmoja juu ya msiba huo.

Chukua takwimu za uvuvi wa Nyanza. Kila mwalo una daftari lake la mitumbwi na kilo za sangara, sato na dagaa zilizoshushwa, na mialo iliyoko Kenya na Uganda nayo ina madaftari yake. Kujumlisha kilo za mwalo wa Igombe hakungojei kujumlisha kilo za mwalo wa Kayenze. Kila daftari laweza kusomwa na kiini chake, kisha jumla zikaunganishwa kwa utaratibu wowote, kwa kuwa kujumlisha hakujali nani ametangulia. Lakini angalia wastani. Tuseme mwalo mmoja una mitumbwi 3 yenye wastani wa kilo 100, na mwalo wa pili una mitumbwi 30 yenye wastani wa kilo 40. Mtu akichukua wastani wa hizo wastani mbili atapata kilo 70, na atakuwa amekosea vibaya, kwa sababu kilo zote ni 1,500 na mitumbwi yote ni 33, hata wastani wa kweli ni kilo 45 na kidogo. Mwandishi anayeijua njia ya juu hatapeleka wastani kutoka kila mwalo. Atapeleka jumla na idadi, vitu viwili vinavyoungana bila ya kupoteza ukweli, na mgawanyo ataufanya mwishoni mara moja tu.

Nimekaa sana juu ya mfano huu kwa sababu ndio unaonionyesha kwamba njia ya juu haimwondolei mtu kazi ya kufikiri. Humwondolea fikra za kufuli na kumbukumbu, kisha humdai fikra za maana ya hesabu yake mwenyewe: kipi kinaunganika, kipi hakiunganiki, kipi kinamtegemea jirani. Na fikra hizo mtafiti wa uvuvi anaziweza. Pengine anaziweza kuliko fundi wa kompyuta, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwamba mtumbwi uliorudi mtupu lazima uhesabiwe nao.

Iko namna nyingine ya njia hii ambayo karibu kila msomaji wa gazeti hili ameitumia leo asubuhi. Mwaka 1986, katika kampuni ya simu ya Ericsson ya Sweden, Joe Armstrong na wenzake walianza kuitengeneza lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu isiyopaswa kuzimika, na ndani yake kila shughuli ndogo ina kumbukumbu yake yenyewe isiyoguswa na mwingine. Shughuli zikitaka kuambizana jambo, hupelekeana ujumbe, na moja ikianguka, nyingine iliyowekwa kuisimamia huiinua tena. Hapana kitu cha kugombaniwa, kwa hiyo hapana kufuli za kuandikwa na mwandishi. WhatsApp ilijengwa kwa lugha hiyo, na mwaka 2014 iliponunuliwa ilikuwa na wahandisi 32 tu wakiwahudumia watu milioni 450. Nchi yenye upungufu wa wahandisi ingeitazama hesabu hiyo kwa makini.

Turudi katika hewa ya ziwa, ambako njia ya juu ina utajiri wake. Modeli iitwayo WRF, iliyojengwa Marekani na kutolewa bure, na ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni miongoni mwa wanaoitumia, iliandikwa tangu mwanzo kwa matabaka: tabaka moja linashughulika na kugawa ramani katika viraka na kuvipeleka kwa mashine mbalimbali, na mipaka ya kila kiraka kuipelekea jirani yake, na tabaka jingine lina fizikia peke yake. Mjuzi wa mvua anayetaka kubadili namna mawingu yanavyohesabiwa huandika habari ya hewa iliyo mbele yake, wala hahitaji kujua kama hesabu hiyo itafanywa na viini 4 au 4,000. Uswisi ilikwenda mbali zaidi. Idara yake ya hali ya hewa ilikuwa ikitumia modeli ya COSMO, jamaa ya ile ile ambayo Thiery na wenzake waliitumia kulichunguza ziwa letu, na moyo wa modeli hiyo uliandikwa upya kwa maktaba ambayo ndani yake mwanasayansi hueleza tu kwamba thamani ya mraba huu hutokana na thamani za miraba inayouzunguka kwa kanuni fulani. Kutokana na maelezo hayo hayo hupatikana programu ya prosesa za kawaida na programu ya prosesa za picha, ambazo zina maelfu ya viini vidogo vidogo. Kwa njia hiyo, mwaka 2016 Uswisi ikawa nchi ya kwanza ambayo idara yake ya taifa ilitoa utabiri wake wa kila siku kwa prosesa za picha, na kwa miraba ya kilomita 1.1. Waingereza nao wanaandika modeli mpya ambayo sayansi yake huandikwa upande mmoja na usambamba wake hutungwa na programu nyingine upande wa pili, nao wameiita LFRic kwa herufi za jina la yule Richardson wa ukumbi wa watu 64,000.

Wasukuma wanaoizunguka Mwanza hawatapata taabu kuuelewa mgawanyo huu wa madaraka. Katika vikundi vyao vya kulima, ambavyo kutokana navyo imetoka ngoma ya bugobogobo, majembe mengi hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Mpiga ngoma ameshika mwendo, kila mlimaji ana mstari wake, na hakuna aliyesimama nyuma ya kila mtu kumwambia inua, shusha. Mdundo ukitoka, shamba hulimika. Watu wale hawakupunguziwa ustadi wa jembe kwa sababu mwendo umeshikwa na mwingine.

Nitaambiwa kwamba njia ya juu ni ya polepole, na kwamba anayeandika kwa mkono, akichunga kila uzi na kila kufuli, ataipita. Ni kweli mara nyingine. Lakini hoja hiyo si ngeni: John Backus na wenzake wa IBM walipoitoa Fortran mwaka 1957, mabingwa wa wakati ule waliozoea kuiamuru mashine kwa lugha yake yenyewe hawakusadiki kwamba programu itakayotungwa na mfasiri wa kompyuta ingeweza kukaribia kazi ya mikono yao. Lakini ilikaribia, na leo sehemu kubwa ya modeli za hali ya hewa duniani zimeandikwa kwa Fortran. Fauka ya hayo, kasi yenyewe ina mpaka ambao hauvunjwi na ustadi wa kufuli. Kwa kanuni inayotokana na hoja aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967, ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, basi prosesa 16 zitakuharakishia mara 6.4 tu, na hata ukinunua prosesa milioni hutafika mara 10. Kwa hiyo faida kubwa hupatikana kwa kuitafuta ile sehemu isiyogawanyika na kuipunguza, na kazi hiyo ni ya anayelijua jambo, si ya anayejua kufuli.

Wala sisemi kwamba njia ya chini isifundishwe. Lazima wawepo miongoni mwetu watu wanaozijua nyuzi na kumbukumbu na mitandao ya ndani ya mashine kwa undani wake wote, maana maktaba hizi haziandikwi na malaika, na siku zitakapoharibika tutahitaji wa kuzitengeneza. Lakini hao ni wachache, wenye kipaji na subira ya kazi hiyo, nao waifikie baada ya kuielewa ile ya juu. Makosa ni kuwalazimisha wote kupita huko, kwa dhana kwamba ugumu ndio elimu, hata wengi wakakata tamaa mlangoni.

Basi natazama nilipo. Chuo cha Ualimu Butimba kinatoa walimu. Jirani yake, Nyegezi, kiko kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi. Malimbe kiko Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Na mjini kuna Hospitali ya Bugando na watafiti wake wa maradhi. Ndani ya mwendo mfupi wa daladala wamo watu wenye takwimu nyingi na maswali mengi, na wamo vijana wenye viini vinane mfukoni. Mtaala mpya wa shule, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeipa kompyuta nafasi kubwa kuliko zamani, na mwalimu atakayetoka Butimba ndiye atakayeamua kama mtoto atafundishwa kuandika maagizo kwa foleni moja tu, au ataulizwa tangu siku ya kwanza: katika kazi hizi, ipi haiingojei nyingine? Swali hilo laweza kuulizwa kwa chaki, darasani kusiko na umeme.

Kwa vyuo vikuu ombi langu ni kubwa zaidi. Maktaba za lugha ya Python kama vile Dask na xarray, zinazoziwezesha takwimu za hewa na maji kukokotolewa kwa viini vingi bila ya mwandishi kugusa kufuli, hutolewa bure. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iliwekewa mashine ya jamii ya PARAM kwa msaada wa India. Na WRF, kama nilivyosema, haiuzwi. Kinachohitajika ni somo moja la programu sambamba ya njia ya juu liingizwe katika mwaka wa kwanza, lifundishwe pia kwa wanafunzi wa uvuvi, wa jiografia na wa afya, wala lisifungiwe katika idara ya kompyuta peke yake. Na taasisi za umma zinapotangaza zabuni za programu, ziweke sharti kwamba programu hiyo igawanyike, yaani iweze kuvitumia viini vyote vya mashine itakayonunuliwa, na mjenzi aonyeshe kwa vipimo kwamba inavitumia. Kwani kununua mashine ya viini 64 kwa fedha za wananchi, kisha kuiendesha kwa kiini kimoja, ni israfu.

Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ninaiomba iwape vijana wawili au watatu wa vyuo vya Mwanza, kila mwaka, nafasi ya kukaa na wajuzi wake na rada yake, wakabidhiwe ghuba hii moja tu, kutoka Mwanza mpaka Kigongo na Busisi, na waambiwe waandike modeli yake wenyewe kwa miraba ya kilomita moja, wakitumia njia nilizozitaja. Wavuvi watakaofaidika nayo wanatoka usiku huu.